Moja kwa Moja

Yuro kumi na mbili, tarehe tano ya kila mwezi,
hukatwa kwenye kadi yangu kabla sijanunua hata sabuni.
Binti wa duka la simu, nyuma ya stesheni ya Bari,
aliniuliza mara mbili: ligi ya wapi?
Ya Georgia, nikamwambia. Raga.
Akatafuta, akatafuta, akaikuta chini kabisa,
chini ya mbio za farasi na mashindano ya vishale.

Nenosiri ni jina la mbwa wetu aliyekufa
na mwaka nilioondoka.

Jumamosi, kwao saa tisa, huku saa sita,
maji yanachemka, tambi za umbo la sikio ziko mezani,
na Bi Addolorata, miaka tisini na moja,
nimeshamsogeza na kiti chake mpaka mbele ya skrini.
Hajui raga. Hajui Kutaisi iko upande gani wa dunia.
Anajua namba saba ni wangu.
"Amekula?" huniuliza,
nami humjibu amekula, mama, amekula,
kana kwamba mimi ndiye niliyempakulia.

Nilimwacha ana miaka tisa.
Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, ukazaa mwingine,
na karatasi zangu ziko ofisini zinasubiri karatasi nyingine.
Kwa hiyo Gocha nimemsoma kwa mgongo:
msimu wa kwanza mabega yalipanuka,
msimu wa pili akaanza kuchechemea akichoka,
kama babake.
Uso siupati sana. Kamera hufuata mpira,
na mpira wenyewe ni yai, ukidunda haujulikani uendako.

Skramu ikikwama, kile kiduara kikaanza kuzunguka,
wanaume kumi na sita wameinamiana, wameshikana mashati,
hakuna anayepumua.
"Wamefiwa na nani hawa?" bibi anauliza,
anafanya ishara ya msalaba.
Ni mtandao tu, namwambia.
"Basi Mungu amlaze pema huyo Mtandao."

Wanayaita matangazo ya moja kwa moja.
Lakini kaka yangu Otari, jukwaani na mbegu zake za alizeti,
yuko mbele yangu kwa sekunde arobaini.
Nilizihesabu kwa saa ya jikoni.
Kelele zinazomziba yeye masikio
kwangu bado hazijatungwa mimba.
Tulikubaliana: mechi ikichezwa, asipige simu.

Leo, dakika ya sitini na nane, simu ikalia.

Otari si mtu wa kupiga simu kwa furaha. Akifurahi husahau watu.
Ikalia karibu na sukari. Sikuinuka.
Kwenye skrini namba saba alikuwa mzima,
anavuta soksi ya kushoto,
anapangusa pua kwa kiwiko, jinsi nilivyomkataza,
na lililokwisha kumpata
lilikuwa bado halijampata.
Akaanza kukimbia. Akikimbia ni mzuri mno.
Mimi ninayelipa ili kiduara kisije,
nilikiomba kije,
kije kizunguke, kizunguke mpaka Pasaka.

Bibi akaichukua simu. Sijui aliifikiaje.
"Haloo," akasema, akasikiliza Kigeorgia chote
akiitikia kwa kichwa, kwa adabu.
Anasema nini?
"Analia, au anaimba. Kwenu mnatofautishaje?"

Kisha wakamwangukia. Watatu.
Wakainuka mmoja mmoja,
na wa chini hakuinuka.
Daktari akaja mbio na mkoba mwekundu. Kamera ikahamia kwa kocha,
kwa mtoto mwenye bendera, kwa tangazo la saruji.
Saruji ngumu, wanasema. Nyumba ya vizazi vitatu.
Nililitazama lote.

Tambi zilikuwa zimeiva zikapitiliza.
Bibi akanipiga kofi la goti, nikainua macho:
ameketi kwenye nyasi, sikio limefungwa bandeji,
anatema mate, anagombana na daktari,
na mkono wa kushoto, huko chini,
unaitafuta soksi.

"Amekula?" akauliza bibi.